Mapigo Ndani ya Ganda

Goti la kushoto lilikataa kuingia chini ya dawati. Manyoya alilibembeleza, akaligeuza upande, akarudi nyuma kama dereva anayeegesha lori kwenye uchochoro, mwisho akakubali kukaa kimshazari, miguu yote miwili nje. Dawati lilikuwa la mtoto wa darasa la tatu. Mchana shule ilikuwa ya watoto. Jioni chumba kimoja kiliachiwa watu wazima waliotaka kujifunza ujasiriamali, na humo ndani hakukuwa na mtu mzima kumzidi yeye.

"Karibu, mzee," alisema mwalimu, dada mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. "Umekuja kumwandikisha mtoto?"

"Nimekuja kujiandikisha mwenyewe, mwalimu. Mtoto wangu naye ana watoto."

Darasa likacheka, naye akacheka nalo. Alizoea. Hata jina lake lilikuwa la mzaha. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mchinja kuku sokoni: unanunua kuku wako kwenye matenga, unampelekea, anamchinja, anamchovya kwenye maji ya moto, anamnyonyoa, anakukabidhi akiwa safi. Manyoya yalimganda kwenye nyusi, yakamwingia masikioni, yakamfuata mpaka kitandani. Mkewe alishaacha kulalamika. Aliyaokota tu kwenye shuka asubuhi, kimya kimya, kama mtu anayeokota nywele zake mwenyewe.

Kilichomleta darasani kilikuwa pipa. Kijana mmoja wa pale pale sokoni alikuwa ameleta pipa la bati lenye vidole vya mpira ndani. Unamtupa ndani kuku aliyekwisha kuchovywa, pipa linanguruma, na kabla hujamaliza kupiga chafya kuku anatoka uchi. Wateja wakampa kijana jina la Mashine. Hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alipita kwa Manyoya kumwamkia, "Shikamoo, mzee," akasubiri mpaka aitikiwe, ndipo akaenda kuwasha pipa lake na kuwavuta wateja wa huyo huyo aliyemwamkia.

Mwalimu aliandika neno refu ubaoni. Manyoya alilifuata kwa kidole hewani, silabi moja moja. Shule aliiacha akiwa bado anajifunza kuunganisha herufi.

"Kila mmoja aniambie kitu anachokijua vizuri," mwalimu alisema.

Mshona nguo akasema anajua vitambaa. Muuza mitumba akasema anajua watu. Zamu ikamfikia yeye.

"Mimi najua kuku."

"Unajua nini kuhusu kuku, mzee?"

"Najua wanavyoisha."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimtazama kama mtu anayetaka kujua kweli, chaki imesimama mkononi.

"Na wanavyoanza?"

Manyoya alirudi nyumbani na lile swali. Alikula nalo, akalala nalo. Kuku waliopita mikononi mwake wangeweza kujaza soko lote na barabara ya kuingilia, na hakuwahi hata mara moja kumwona mmoja akianza.

*

Chumba cha nyuma kulikuwa na friji. Lilikuwa la mkewe. Alilinunua auzie maji baridi na juisi, akauza msimu mmoja, likazima, na mafundi watatu wakaondoka wakitikisa vichwa. Sasa lilihifadhi sahani za wageni. Kila wanunuzi wa vyuma chakavu walipopita, mkewe aliwafukuza. Bado alikuwa na ndoto nalo.

"Baba watoto, friji ni la kugandisha," alisema alipoelezwa. "Wewe unataka kupikia mayai humo?"

"Sio kupika. Kuatamia. Mwalimu amenipa kitabu. Sanduku linaloshika baridi linashika na joto vilevile."

"Kwani kuku wa kuatamia wameisha duniani? Au umewamaliza wewe?"

"Mama watoto, nisikilize. Sokoni siku zangu zinahesabika. Lile pipa halichoki, halizeeki, halishikwi na baridi yabisi." Akamwonyesha vidole vyake, vyekundu na vinene, vilivyopikwa na maji ya moto kwa miaka yote ile. "Lakini watu wanatafuta vifaranga wa kufuga na hawawapati."

Mkewe alilizunguka friji taratibu. Akaligusa ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayemuaga mgonjwa.

"Chukua," alisema. "Lakini likikushinda, usinitajie habari ya friji tena mpaka nizikwe."

Fundi umeme wa mtaani aliweka balbu, feni ndogo na kidude cha kukata joto likizidi. Manyoya akapanga trei, akaweka kipimajoto na bakuli la maji chini kabisa, akaenda kwa mfugaji akarudi na mayai yenye mbegu, akiyashika njia nzima mapajani. Aliyageuza asubuhi kabla ya kwenda sokoni, mkewe akayageuza mchana, jioni akayageuza tena yeye. Wiki ilipopita, kitabu kilisema, yamulike.

Wakafunga dirisha na kuziba mwanga wa chini ya mlango kwa shuka. Mkewe alishika tochi iliyovishwa karatasi ngumu yenye tundu dogo. Yai la kwanza lilikuwa tupu, njano tupu, kama taa. Manyoya akaliweka kando. Akachukua la pili, akaliweka juu ya tundu.

Ganda likapotea. Mbele yao palikuwa na mwanga mwekundu, na ndani ya ule mwekundu mishipa, miembamba kuliko uzi, ikisambaa kama mizizi ya mche ulioota usiku mmoja. Yote ilitoka kwenye doa moja. Doa lilikuwa dogo kuliko punje ya ufuta, nalo lilikuwa likipiga. Lilipiga, likapiga, likapiga, mbiombio, kama lina safari ndefu na limechelewa kuondoka.

Mioyo ya kuku Manyoya aliijua. Aliitoa kila siku pamoja na maini na firigisi, akaiweka kwenye bakuli, wateja wengine wakaichukua, wengine wakasema tupa. Hii hakuijua.

"Unaona?" aliuliza.

"Naona."

"Ni nini?"

Mkewe alijibu kwa kunong'ona, kama mtu aliyeingia chumba alicholala mtoto. "Ni moyo, baba watoto. Hata mwenyewe hajafika, na umeshaanza kumfanyia kazi."

Walisimama hivyo mpaka tochi ikaanza kufifia.

*

Kesho yake kuku wa kwanza alipoletwa, Manyoya alimshika kama anavyowashika siku zote, mbawa zikiwa zimekunjwa, kidole gumba kifuani. Na pale chini ya kidole kulikuwa na mapigo. Yalikuwepo siku zote. Kwa miaka yote ile kidole chake kilikuwa juu yake, naye aliyasikia kama mtu anavyosikia sakafu chini ya nyayo.

Alimchinja. Ndiyo kazi yake, na mama aliyesimama mbele yake alikuwa na watu wa kulisha. Lakini alipoinua kichwa aliona kuku wengine kwenye tenga, shingo zimenyooshwa kati ya fito, wanatazama.

Mchana huo alitafuta gunia, akalikata, akalitundika kwa kamba kati ya matenga na jiwe lake la kuchinjia. Kuanzia siku ile kila kuku alipelekwa nyuma ya gunia peke yake. Manyoya alimziba macho kwa kiganja, akangoja mpaka mwili utulie, akanoa kisu upya, ndipo akafanya kazi yake. Haikuchukua muda mrefu. Lakini mtu mwenye haraka huona hata dakika kuwa ni dharau.

"Jamani, mzee kafungua hospitali!" Mashine alipaza sauti juu ya ngurumo ya pipa lake. "Wodi ya wazazi iko upande gani?"

Soko lote likacheka. Wateja wenye haraka wakavuka upande wa pili.

"Wiki hii umeniletea chenji," mkewe alimwambia nyumbani. "Kuku anakwenda chunguni, wewe unambembeleza wa nini?"

"Simbembelezi. Nangoja atulie."

"Na sisi je? Sisi tutatulia lini?"

Manyoya aliinuka. Alikwenda chumba cha nyuma, akafungua friji, akaangalia mayai yake, akafunga.

Jioni ya darasa mwalimu aliuliza: "Ni jambo gani kwenye kazi yako ambalo hutalibadilisha, hata likikupunguzia wateja?"

Watu walijibu vizuri. Uaminifu. Ubora. Usafi. Manyoya aliposimama alisema, "Gunia," na kicheko kikaanza hata kabla hajakaa. Ikabidi aeleze. Alieleza vibaya. Maneno yalimkwama njiani, akaona bora aache. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa yai lililofungwa kwa kitambaa cha sufi, bado lina joto la tumbo lake.

"Naomba mfunge madirisha," alisema, akitoa na ile tochi mfukoni.

Walisogea mmoja mmoja. Mshona nguo alikuwa wa kwanza kuinama, akaziba mdomo kwa mkono. Muuza mitumba, mtu wa maneno mengi, aliita jina la Mungu mara moja akampisha anayefuata. Sasa kile cha ndani kilikuwa kimekua. Kilikuwa na jicho jeusi, na mara kwa mara chote kizima kilirukaruka, kama mtoto anayeota. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alilishika wa mwisho, akaliinamia muda mrefu kuliko wengine wote.

"Mzee," alisema, "ukimaliza zamu ya wote, naweza kuliona tena?"

*

Tatizo lilikuwa hilo. Mtu akishaona, anataka kuona tena.

Kitabu kilisema, kwa maandishi meusi yaliyokolea, kwamba siku za mwisho mlango usifunguliwe, unyevu usipotee. Manyoya aliisoma sentensi hiyo kwa kidole, akaielewa. Kisha yai la kwanza likatoboka. Kupitia kioo kidogo alichoweka fundi aliona ufa, na kwenye ufa ncha ya mdomo. Akafungua mlango aone vizuri. Akafunga. Akamwita mkewe, akafungua. Majirani wakasikia, wakaja, akafungua. Mashine naye alikuja kutoka sokoni, kofia mkononi kama aliyekuja msibani, akainamisha kichwa mbele ya trei na kusema, "Mzee, huyu anagonga mwenyewe? Hakuna anayemsaidia?" Kila mlango ulipofunguliwa hewa ya moto yenye unyevu iliwapiga usoni kama pumzi ya mtu.

Kesho yake friji lilikuwa kimya.

Wachache walikuwa wametoka, wamesimama kwa kuyumba kwenye kona ya trei. Waliobaki walikuwa wametoboa kila mmoja dirisha lake, na wakaishia hapo. Manyoya alichukua yai moja akalibandua. Utando wa ndani ulikuwa umekauka, umembana kifaranga kama bandeji. Alikuwa ametimia. Alikuwa na kucha. Alikuwa na kope.

Yule ambaye kazi yake ilikuwa kumaliza kuku alikaa sakafuni na huyo mmoja kiganjani, na mkewe alipoingia hakujua aanzie wapi.

"Nimewaua kwa kuwatazama," alisema.

Mkewe akaketi pembeni yake. Habari ya friji hakuitaja.

"Kitabu kilisemaje?"

"Kilisema nisifungue."

"Na ulisoma?"

"Nilisoma."

"Basi kidole kilisoma," mkewe alisema polepole. "Mkono haukusikia."

Hakwenda darasani jioni hiyo, wala jioni iliyofuata. Mwalimu ndiye aliyemfuata. Alisimama kwenye foleni ya wateja pale sokoni, hana kuku, mpaka zamu yake ikafika.

"Dawati lako limebaki tupu, mzee."

"Niache, mwalimu. Jambo lilikuwa rahisi, limeandikwa kwa Kiswahili, nikalisoma, na bado likanishinda."

"Kilichokushinda ni nini hasa?"

Manyoya alifuta kisu kwenye kitambaa. "Kungoja," alisema. "Kile kitu ni kizuri mno, mwalimu. Siwezi kukaa nje ya mlango wakati kinatokea ndani."

Mwalimu akauliza kama anaweza kuona nyuma ya gunia. Manyoya akamchukua kuku aliyekuwa wa mteja anayefuata, akampeleka kule, akamziba macho. Walisimama wote watatu, mwalimu, mzee na kuku. Nje pipa lilinguruma, wachuuzi walipigiana kelele, mtu mmoja alidai chenji yake. Chini ya kiganja mapigo yalipungua, yakapungua, yakawa mapole.

"Mbona hapa unangoja?" mwalimu alisema.

*

Mayai ya mara ya pili aliyanunua mkewe, kwa akiba aliyokuwa ameificha mahali ambapo mumewe hakuuliza na hakuambiwa. Yeye pia ndiye aliyeweka kufuli. Siku za mwisho zilipoingia alijaza bakuli la maji, akabana mlango, akafunga kwa kufuli dogo la sanduku, na ufunguo akaufundika kwenye pindo la nguo yake. Kile kioo kidogo akakibandika karatasi.

"Hata mimi nisione," alisema.

Jumapili mchana waliketi kwenye vigoda, mgongo kwa mlango wa friji. Mwanzo hakukuwa na kitu, ila feni. Kisha Manyoya akamshika mkewe mkono.

"Sikiliza."

Ilikuwa sauti nyembamba mno, kama ya kitu kinachoteleza juu ya kioo. Ikakatika. Upande wa pili wa friji, sauti nyingine ikaitikia. Ikaja ya tatu, kutoka chini.

"Wametoka?" mkewe alinong'ona.

"Bado. Kitabu kinasema huita wakiwa bado ndani."

"Ndani ya mayai?"

"Ndani ya mayai."

Mkewe aligeuza shingo, akautazama mlango uliofungwa kana kwamba umemwita kwa jina. "Hawajaonana hata siku moja," alisema, "na wanaitana."

Mkono wa Manyoya ukanyanyuka wenyewe kuelekea kwenye kufuli. Mkewe akaupiga kofi. Manyoya akaikalia mikono yake, yeye mtu mzima, viganja vyote viwili chini ya mapaja kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Nyuma ya migongo yao kulianza kugongwa. Kulikuwa na tik, kisha kimya kirefu mpaka wakaangaliana kwa hofu, kisha tik tena. Jua lilihama kutoka ukuta huu likaenda ule. Mama jirani alipita dirishani akauliza kulikoni wamekaa kama walioadhibiwa, wakamwonyesha kwa kidole anyamaze. Naye akaegemea dirisha. Akabaki.

Sauti ziliongezeka, zikaingiliana, mpaka haikuwezekana tena kusikia moja moja. Friji zima lilikuwa likilia. Manyoya alilisikia kwenye uti wa mgongo kupitia bati, mtikisiko mdogo usiokoma, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaita. Hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado chini ya mapaja.

Jua lilipokaribia kuzama mama jirani akaenda zake, na wao wakalala palepale, kwa zamu. Asubuhi, wakati ule ambao kitabu kilisema ni salama, mkewe alifundua pindo, akafungua kufuli, akavuta mlango.

Trei zilikuwa zimejaa maganda, na juu ya maganda vifaranga. Wengine walikuwa wamelowa na wanahema, wengine wamekauka wamevimba kama pamba. Walipanda juu ya wenzao, wakaanguka, wakapanda tena, wakageuza vichwa vyote kwa pamoja kuelekea mwanga.

*

Sokoni aliwaweka kwenye sanduku la mbao juu ya meza, upande wa pili wa gunia. Mashine alizima pipa lake katikati ya kazi, akavuka, akaingiza kidole kimoja sandukuni. Kifaranga akakidonoa. Kijana akacheka kama mtoto.

"Sasa tumegawana, mzee. Wewe unawavalisha, mimi nawavua."

"Nenda kawashe pipa lako, mteja anakungoja."

"Na angoje," Mashine alisema, na hakuondoa kidole.

Watu walikuja kutazama, wengi zaidi ya walionunua. Mchana akaja mama mmoja mwenye kikapu, akauliza maswali ya mtu aliyedhamiria. Wanakula nini? Walale wapi? Maji wapewe kwenye chombo gani? Manyoya alimjibu yote, taratibu, na alipoulizwa jambo asilolijua alisema hajui, atasoma, apite tena kesho. Mama akachagua wake. Wa mwisho alikuwa mkononi mwa Manyoya.

"Na wakishakua," mama aliuliza, "nikikuletea utanichinjia?"

Manyoya aliinamia kiganja chake. Kifaranga alikuwa amelala ghafla, kama walalavyo wao, shingo imelegea juu ya kidole gumba kilichokakamaa kwa maji ya moto. Chini ya ile sufi ya njano kitu kilipiga, mbiombio.

"Niletee," alisema. "Usimpelekee mtu mwingine. Niletee mimi."

Mama akasogeza kikapu apewe.

"Ngoja kidogo," Manyoya alisema. "Amelala."

Mama akamtazama usoni, akatazama kile kiganja. Akashusha kikapu chini, kati ya miguu yake, na watu wa soko wakaanza kupita kuwazunguka, huku na huku.